Tangazo la Kwanza Kati ya Manne

"Hivi kile chumba chako cha nyuma unamwekea nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo akiwa amebana uzi kwa meno, kwa hiyo swali lilitoka nusu nusu, na mimi nikapata nafasi ya kujifanya sijasikia vizuri. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Kupiga pasi inafuata.

Mtaani wanamwita Mama Vifungo, ingawa hakujaliwa mtoto. Anauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye meza mbele ya nyumba anayopanga, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mimi ni dobi. Kwa miaka ishirini na sita kila shati lililofika kwangu likiwa na kifungo pungufu limepita mkononi mwake kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Kila siku nikishamaliza sala yangu ya mchana anaingia na kopo lake, anakaa kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya, na tunafanya kazi mpaka jua lipungue. Anayenijua zaidi yake ni Mungu peke yake, na Mungu hasemi kila anachokijua. Huyu anasema.

"Nimekuuliza, mwenzangu," akarudia, safari hii uzi ukiwa mkononi. "Nyumba imeuzwa. Mwenye nyumba mpya anataka tuwe tumetoka mwisho wa mwezi ujao. Mpwa wangu ananiita kwake, nikalale chumba kimoja na watoto wake wanne. Unajua ni mbali kiasi gani. Nikienda ndiyo nimekwenda. Sasa nakuuliza wewe kabla sijamjibu yeye."

Jibu lilikuwa neno moja, na neno lenyewe ni fupi. Mimi nikasema, "Ngoja nisali kwanza, dada."

Msinielewe vibaya. Mimi nasali kweli. Nina sala ya alfajiri, ya mchana na ya jioni, na Jumatano niko na akina mama kanisani. Lakini kuna kusali kwa kumuuliza Mungu, na kuna kusali kwa kujificha nyuma yake, kama mtoto anavyojificha nyuma ya sketi ya mama yake mgeni akiingia. Nazijua zote mbili, na hiyo niliyomwambia Mama Vifungo nilijua ni ipi.

Kile chumba kilikuwa cha marehemu mume wangu. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na mtaa mzima, mimi nikiwemo, tulimwita Fundi. Alipofariki, miaka tisa sasa, aliacha televisheni kumi na saba za watu, kila moja na karatasi iliyobandikwa: hii ya mwalimu wa hesabu, hii ya mama wa duka la viatu, hii ya mzee wa kona, sauti inatoka picha haitoki. Nikawa nawaambia watu kwamba siwezi kukigusa kile chumba, mali za wenyewe zimo, wakija nitawajibu nini? Nilisema kwa sauti ya mtu mwaminifu sana. Mwalimu wa hesabu nimemzika mimi mwenyewe, nilikuwa mstari wa mbele nikiimba. Ukweli ni kwamba kila Jumapili nikitoka kanisani naingia humo, nakaa kwenye kigoda chake, nanusa ile harufu ya risasi ya kuchomelea. Dakika kumi tu. Halafu natoka, nafunga, natundika ufunguo kwenye msumari karibu na mlango wa sebuleni.

Na katika nyumba hiyo ya fundi wa televisheni, hatukuwahi kuwa na televisheni inayofanya kazi. Zikipona, zinakwenda kwao.

Wiki ileile ya swali, binti yangu akaja na boksi refu. Yeye anauza dawa famasi, ana mkono wa kutoa lakini hana subira ya kueleza. Akatundika ukutani televisheni nyembamba kama trei, akachomeka na kidude cha intaneti chenye taa zinazokonyeza.

"Hii haihitaji antena, mama. Inaingia kwenye intaneti, unachagua tamthilia unayotaka, saa unayotaka."

"Na kulipia?"

"Bure."

"Hakuna cha bure. Nani anatengeneza vitu vyote hivyo kwa ajili yangu?"

"Wenye matangazo. Katikati yanakuja matangazo, basi. Wewe ukiangalia matangazo ndiyo umelipa."

Yeye alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Mimi nilisikia mkataba. Ukiangalia matangazo ndiyo umelipa: basi usipoangalia umeiba. Nilisoma mpaka darasa la saba, lakini hesabu hiyo haihitaji la nane.

Alinionyesha pia kitufe cha kuisimamisha picha. Sijawahi kukibonyeza. Mtu anazungumza, utamwambiaje agande hapo hapo?

Nikachagua tamthilia moja ya ng'ambo, imetiwa sauti za Kiswahili. Mwanamke mmoja alianguka kwenye ngazi akapoteza kumbukumbu, na sasa mume wake mwenyewe anamchumbia upya na yeye anamwona mgeni. Vipindi mia moja na themanini. Niliapa nitaangalia kimoja tu, nione upuuzi wa dunia ulivyo. Wiki ya pili nilikuwa naamka alfajiri, napiga magoti, na katikati ya kuwaombea wagonjwa najikuta namwombea yule mwanamke amtambue mumewe.

Kila baada ya muda kioo kinakuwa cheusi kidogo, na kwenye kona yanatokea maandishi: Tangazo la 1 kati ya 4. Hapo ndipo nilipoweka sheria za nyumba yangu. Tangazo likianza, pasi inawekwa pembeni. Hakuna kwenda jikoni. Hakuna kwenda chooni, na kwa umri wangu hiyo si sadaka ndogo. Hakuna kuzungumza. Mgongo wima, mikono magotini, macho mbele, mpaka la nne liishe. Nimeangalia sabuni, bima, dawa ya meno na matairi ya magari makubwa kwa heshima ambayo sijawahi kumpa mgeni yeyote wa sherehe. Jumatano moja nikasimama mbele ya akina mama nikatoa neno juu ya wizi mdogo mdogo tunaoufanya sebuleni kwetu. Mke wa mchungaji akapaliwa na kikohozi mpaka akatoka nje. Nikaona neno limemgusa.

Siku nyingine lilikuja tangazo la pasi za umeme. Nikaona hili ni la kwangu hasa, nikaliangalia kwa moyo wote, na kwa moyo huo huo nikasahau kuinua pasi yangu kutoka kwenye shati la mwalimu mkuu. Tangazo linasema pasi yao haiunguzi, na mimi nanusa moshi nikajiambia, kumbe siku hizi televisheni zinatoa na harufu.

Mama Vifungo ndiye aliyelichomoa lile shati. Alilinyanyua juu, akanichungulia kupitia tundu.

"Mwenzangu, umemfungulia mwalimu dirisha."

"Shh," nikasema. "Bado mawili."

Sasa hapo ndipo penyewe. Yeye alikuwa anakuja kila siku na jambo lake moja, na jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeahidi jibu. Na kazi zetu tulizozoea kuzifanya tukipiga soga sasa zilikuwa na televisheni juu yake. Tangazo linaanza, anaweka sindano chini, anavuta pumzi: "Kuhusu lile suala..." Namnyamazisha kwa kidole. Matangazo yanaisha, hadithi inarudi, nageuka kwake kwa uso wa ukarimu kabisa: "Haya, dada, ulikuwa unasema?" Na yeye hasemi kitu, kwa sababu Mama Vifungo hazungumzi hadithi ikiwa inaendelea. Amelelewa na bibi aliyekuwa akiwasimulia jioni, na mtoto aliyekatiza alitumwa kulala bila kusikia mwisho. Alikatiza mara moja, akiwa na miaka sita. Mpaka leo hajui yule binti wa kwenye hadithi alitokaje kisimani. Tangu hapo hata nyumba ikiungua atangoja msimuliaji ameze mate.

Kwa hiyo mnaona wenyewe. Wakati wa matangazo nilikataza mimi, wakati wa hadithi alijikataza yeye. Na kipindi kikiisha, kingine kinaanza chenyewe, kinahesabu tano, nne, tatu, na kabla sijapata rimoti tuko ndani tena. Wiki tano. Nami sitadanganya kwamba sikuona. Niliona, na nikapata nafuu. Siku moja zaidi ilikuwa imepita bila kile chumba kufunguliwa, na sikuwa nimekataa, na sikuwa nimekubali, na hakuna sheria niliyovunja. Nilijiona mtu safi kabisa.

Hata hivyo nilikuwa nasali. Nilipiga magoti nikasema, Bwana, nipe ishara juu ya chumba. Kesho yake, tangazo la 2 kati ya 4: godoro. Godoro la mtu mmoja, linalokunjwa, mtoto mzuri amelala juu yake anatabasamu. Keshokutwa, godoro tena. Siku ya tatu godoro, na safari hii lina punguzo. Nikasema, Bwana, umesema, nimesikia, nitamwambia aje. Nikafungua mdomo kumwambia, likaja tangazo la 3: mabasi ya masafa marefu, viti vya kulala, safiri salama ukawaone uwapendao. Nikafunga mdomo. Kumbe ishara ni aende kwa mpwa wake! Wiki nzima ikawa hivyo, godoro, basi, godoro, basi, na mimi nimekaa wima mikono magotini nikimshangaa Mwenyezi Mungu kwa kutoamua.

Alhamisi ya wiki ya mwisho binti yangu akapita kuniletea dawa ya magoti. Akakaa, akaangalia kidogo. Tangazo lilipoanza akanyanyuka kwenda jikoni.

"Kaa chini!" nikamwambia. "Wenyewe watatuonaje?"

"Wenyewe nani?"

"Wa matangazo. Si ulisema tunalipa kwa kuangalia?"

Binti yangu akaniangalia vile anavyowaangalia wateja wanaokunywa dawa ya kupaka. "Mama. Wanahesabu tangazo limepita kwenye televisheni. Hawajui kama kuna mtu amekaa, au paka, au hakuna kitu."

"Hawatuoni?"

"Wakuone na nini? Usiniambie umekuwa..." Akaona mikono yangu ilivyo magotini. Akakaa chini mwenyewe, akacheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo maana mke wa mchungaji aliniuliza kama uko sawa!"

Nikamwacha acheke. Wiki zote zile za kubana mkojo zilikuwa zinanipita machoni. Halafu, nikitafuta pa kujishika, nikasema, "Basi na magodoro? Nani aliyejua nina shida ya godoro? Hilo si la bahati tu."

"Hilo ni la kwangu," akasema, akijifuta machozi. "Televisheni na simu yangu vina akaunti moja. Nikitafuta kitu kwenye simu, matangazo yake yanakuja mpaka hapa. Nilikuwa namtafutia mama mkubwa godoro la kukunja."

"Mama mkubwa yupi?"

"Mama Vifungo. La kwenda kulalia huko kwa mpwa wake, kule atalala chini. Na basi la kusafiria nilimtafutia mimi. Anaondoka Jumamosi asubuhi." Kicheko kikamtoka usoni. "Mama, hukujua?"

"Hajaniambia."

"Anasema amejaribu. Anasema kila akifungua mdomo kuna tangazo."

Nilikuwa na shati mkononi, nikaendelea kulikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Televisheni ilijua. Kidude cha ukutani kisichojua kama mimi ni mtu au paka kilikuwa kinaniambia wiki nzima kwamba rafiki yangu anaondoka, na rafiki yangu mwenyewe amekaa mkono wangu wa kushoto akitaka kuniambia kwa mdomo wake, na mimi namnyamazisha ili nisikilize kile kidude. Kama ilikuwa ishara au haikuwa, mpaka leo sijui. Nikimuuliza mchungaji najua atacheka, familia hiyo ina tabia ya kucheka.

Binti alipoondoka nilichukua ufunguo nikaenda kufungua. Haikuwa Jumapili. Nilizisoma zile karatasi moja moja. Kati ya kumi na saba, wenye kumi na mmoja niliwahi kuwaimbia makaburini. Sita waliobaki wana televisheni nyembamba kama yangu, nimeziona kwa macho yangu nikipeleka nguo. Nikakaa kwenye kigoda. Nikajaribu kumwambia Fundi, nikakosa pa kuanzia, nikamwambia tu, "Mama Vifungo anahama." Kwa sauti, kama mwendawazimu. Nikalia kidogo, nikafunga, nikatundika ufunguo.

Ijumaa alikuja saa yake ileile. Alikuwa amevaa viatu vizuri, nikajua amekuja kuaga. Akakaa, akafungua kopo, akachukua shati la juu kabisa akaanza kulitafutia kifungo, kwa sababu hawezi kukaa mikono mitupu hata siku ya kuaga. Nami ningeweza kutoiwasha ile televisheni. Nilifikiria. Lakini mkono umezoea, ukaiwasha wenyewe, na hadithi ikaanza, na yeye akanyamaza, na mimi nikakaa nikingoja tangazo kama ninavyongoja Pasaka.

Kioo kikawa cheusi. Tangazo la 1 kati ya 4.

"Dada," nikasema upesi. "Hamia chumba cha nyuma."

Mama Vifungo akaweka sindano chini. Akanyoosha mgongo. Akaweka mikono magotini, macho mbele.

"Shh," akasema. "Tangazo."

"Dada, achana nalo, hawatuoni, nimeambiwa..."

"Mimi nilifundishwa wanatuona." Macho hayakutoka kwenye kioo. "Unataka tuwaibie?"

"Nimekosa."

"Subiri, bima hii. Nzuri sana, hii."

"Sikuwa nasali, dada. Nilikuwa naogopa. Mali za watu ni uongo, wenyewe wamekufa, nimekaa nimezifungia kama..."

"Bado mawili, mwenzangu. Kuwa na adabu."

Likaja basi. Likaja godoro. Mtoto anatabasamu. Mama Vifungo aliliangalia lile godoro kwa makini sana, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na mahubiri, na mimi nilimwona kidevu chake kinatetemeka, sijui kwa kicheko au kwa kile kingine.

Hadithi ikarudi. Nilijua nimekwisha. Ilikuwa siku yenyewe, yule mwanamke amesimama na yule mume wake mgeni, kumbukumbu inaanza kurudi, anataka kusema. Na hadithi ikiwa inaendelea, Mama Vifungo hasemi. Kipindi kikiisha kingine kitahesabu tano, nne, tatu, halafu jioni, halafu Jumamosi.

Nikachukua rimoti. Nilikitafuta kile kitufe kwa kidole gumba, nikakibonyeza kwa mara ya kwanza. Yule mwanamke akaganda kinywa wazi.

Nyumba ilinyamaza mpaka nikasikia pasi inapoa.

"Hadithi imesimama," nikamwambia. "Tangazo hakuna. Humu ndani hakuna anayezungumza ila mimi na wewe. Chumba ni chako. Televisheni nitazitoa uani nizifunike turubai. Usiende kulala chini kwa watoto, dada. Nani atanishonea vifungo?"

Hapo ndipo aliponigeukia. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa ananisoma, kama anavyosoma shati kujua lilikatikia wapi.

"Na kigoda cha Fundi?"

Kumbe alijua. Miaka tisa ya Jumapili zangu, alijua.

"Kitabaki humo," nikasema. "Utakikalia wewe. Mimi Jumapili nikitoka kanisani nitakuja nipige hodi."

"Utapiga hodi kwenye chumba chako mwenyewe?"

"Nitapiga."

"Na nisipofungua?"

"Nitangoja."

"Hata kama kuna tangazo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama Vifungo akachomeka sindano kwenye kola ya shati, akafunga kopo lake, akalibonyeza mfuniko mpaka ukalia. Akainuka. Akavua vile viatu vizuri, akavipanga chini ya kiti chenye mguu wa waya. Halafu akachukua ufunguo kwenye msumari, akachukua na ufagio wangu nyuma ya mlango, akaelekea chumba cha nyuma.